Mapaja ya mama si mkanda wa gari

Saa kumi alfajiri, mwezi wa Desemba, nje ya nyumba moja jijini Dar es Salaam. Gari dogo limeshawashwa, safari ni ya Moshi. Juu ya kereya mabegi yamefunikwa turubai na kufungwa kamba mara tatu. Ndoo ya mchele imebanwa vizuri nyuma ya kiti isije ikamwagika kwenye kona. Baba amefunga mkanda mapema, maana trafiki wa barabara ile hawana mzaha. Mama ameketi kiti cha mbele, naye amefunga wake. Mapajani mwake amelala mtoto wa miezi minane, kafunikwa kanga. Kaka yake wa miaka minne amesimama katikati ya viti viwili vya mbele, mikono kaiweka mabegani mwa wazazi, anaitazama barabara.

Akitokea mtu wa kuhesabu, ataona karibu kila kitu ndani ya gari hilo kimefungwa. Mabegi yamefungwa, mchele umebanwa, baba na mama wana mikanda. Waliobaki bila kufungwa ni wawili tu, na ndio hao hao bibi anaowasubiri kwa hamu kule nyumbani.

Picha hii inajirudia katika familia nyingi, na wazazi wenyewe ni watu wema. Mama anampakata mtoto kwa sababu anaamini hakuna mahali salama kuliko mikononi mwake. Nyumbani imani hiyo ni kweli. Kwenye gari linalokimbia si kweli, na mzazi anastahili kuelezwa kwa nini.

Kilo kumi zinapogeuka mifuko minne ya saruji

Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo kwenye maeneo ya makazi nchini Tanzania, kila kilichomo ndani kinakwenda mwendo huo huo. Gari likigonga lori lililosimama, bodi ya mbele inajikunja na gari linasimama ndani ya umbali wa kama nusu mita. Aliyefungwa mkanda anasimama pamoja na gari. Asiyefungwa anaendelea na mwendo ule ule mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha: dashibodi, kioo, au kisogo cha aliyekaa mbele yake.

Mtoto wa kilo 10, katika sekunde ile, anavuta mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji. Hakuna mama, hakuna baba, hakuna hata mbeba mizigo wa bandarini anayeweza kuidaka mifuko minne ya saruji ikimrukia kwa ghafla, tena akiwa amekaa. Mikono inafunguka yenyewe. Mapenzi hayana nafasi ya kufanya kazi hapo, kwa sababu jambo lote linaisha kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho.

Njia nyingine ya kulielewa ni hii. Kugonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani juu ya ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi anayeweza kumsimamisha mtoto wake kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu kwa kuwa ni kwa dakika chache tu. Lakini mtoto aliyesimama katikati ya viti, gari likiwa mwendo wa mjini, yuko ukingoni pale pale.

Kuna wazazi wanaodhani wamepata ufumbuzi: wanamweka mtoto mapajani kisha wanaufunga mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili. Hiyo ni hatari zaidi. Gari likigonga, mwili wa mzazi wa kilo 60 au 70 unasukumwa mbele, na kati ya mwili huo na mkanda yuko mtoto. Mkanda uliokusudiwa kuokoa unageuka kumbana. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja, siku zote.

Hata Marekani walianza na mapaja

Mzazi anayempakata mtoto garini asijione mshamba. Mwaka 1977 jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha sheria ya kwanza nchini humo iliyowataka wazazi kuwafunga watoto wadogo kwenye viti maalumu, ikaanza kutumika mwaka 1978. Aliyeipigania zaidi alikuwa daktari wa watoto, Robert Sanders. Lakini wabunge waliweka mwanya: mtoto aliruhusiwa kusafiri bila kiti iwapo amepakatwa na mtu mzima. Wao pia waliona mikono ya mama inatosha.

Haikutosha. Sanders na wenzake waliendelea kueleza kwamba mtoto aliyepakatwa anakandamizwa na huyo huyo aliyemshika, na mwaka 1981 mwanya ule ukafutwa. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za viti vya watoto. Hesabu za mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo zinaonyesha kwamba kiti kinachotumiwa inavyotakiwa kwenye gari dogo kinapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 71 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa asilimia 54 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne. Ni dawa chache alizonazo mzazi kabatini zenye nguvu ya kiasi hicho.

Nalo suala lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Zinazidi malaria na zinazidi Ukimwi kwa watu wa umri huo. Wazazi wanaonunua chandarua na kufuata tarehe za chanjo bila kukosa wana kila sababu ya kuliweka gari kwenye orodha hiyo hiyo.

Mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa

Mkanda wa gari ulioenea leo, ule wenye ncha tatu, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo nchini Sweden mwaka 1959. Ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Unapita juu ya mfupa wa nyonga na katikati ya bega, sehemu mbili zenye nguvu. Mtoto wa miaka mitatu akifungwa mkanda huo, sehemu ya chini inapanda tumboni kwenye ini na utumbo, na sehemu ya juu inamkata shingoni. Mifupa yake ya nyonga bado haijakomaa kuushikilia mkanda usipande.

Kwa mtoto mchanga tatizo kubwa ni kichwa. Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili wote, wakati kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa kizito hicho kinakaa juu ya shingo laini. Gari likisimama ghafla na mtoto ameangalia mbele, kiwiliwili kinazuiwa na mikanda lakini kichwa kinatupwa mbele na kuivuta shingo.

Ndiyo maana mtoto mdogo anatakiwa kuangalia nyuma ya gari. Akiangalia nyuma, kishindo kinasambaa mgongoni kote, na kichwa, shingo na mgongo vinasukumwa kwa pamoja kwenye mgongo wa kiti. Profesa Bertil Aldman wa Sweden ndiye aliyeanzisha wazo hilo miaka ya 1960, baada ya kuona jinsi wanaanga walivyolazwa chali wakati chombo kinaruka, ili mgongo wote ubebe nguvu. Leo watoto wengi wa Sweden wanaangalia nyuma mpaka wanakaribia miaka minne.

Kwa kifupi, safari ya mtoto garini ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kiti kinachoangalia nyuma, tangu siku anayotoka wodi ya wazazi. Viti vilivyotengenezwa kwa kanuni mpya za Umoja wa Mataifa, zinazoitwa R129, vinataka mtoto aangalie nyuma mpaka atimize miezi 15 kwa uchache. Akiendelea zaidi ya hapo, kwa kadiri kiti kinavyoruhusu, ni bora. Miguu kukunjika kidogo au kugusa kiti cha gari hakumdhuru.

Hatua ya pili ni kiti kinachoangalia mbele chenye mikanda yake ya mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Huyu ni mtoto aliyekizidi kiti cha kwanza kwa uzito au urefu, mara nyingi hadi kilo 18 au zaidi kulingana na kiti.

Hatua ya tatu ni kikalio cha kumwinua, ili mkanda wa kawaida wa gari umpite nyongani na begani. Hapa wazazi wengi hukosea kwa kuharakisha. Mtoto anayeanza darasa la kwanza bado anakihitaji. Kipimo ni urefu: mpaka afikie kati ya sentimita 135 na 150. Mzazi akitaka kujua, amkalishe mtoto kwenye kiti cha gari, mgongo uguse nyuma kabisa. Magoti yakikunjika vizuri kwenye ukingo wa kiti, mkanda wa chini ukalala mapajani na wa juu ukapita katikati ya bega, amekua. Kinyume cha hapo, bado.

Katika hatua zote tatu mahali pazuri ni kiti cha nyuma. Na kuna katazo moja lisilo na mjadala: kiti kinachoangalia nyuma hakiwekwi kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule mafundi wanaouita eabegi. Mfuko huo unafumuka kwa kasi kubwa sana na ungekipiga kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Sheria inasema nini

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Wadau wa usalama barabarani wameeleza kwa miaka mingi kwamba sheria hiyo iliwataja dereva na abiria wa kiti cha mbele kwenye suala la mkanda, ikawaacha nyuma watoto na viti vyao. Ndiyo sababu mzazi anaweza kupita mbele ya askari watano kati ya Dar na Moshi, mtoto akiwa mapajani, na asiulizwe kitu. Kutoulizwa huko kunamdanganya mzazi aone yuko salama.

Kwingine mambo yamekwenda tofauti. Afrika Kusini ilianza mwaka 2015 kumtaka dereva kuhakikisha mtoto wa chini ya miaka mitatu yuko kwenye kiti chake. Uingereza mtoto hutumia kiti au kikalio mpaka atimize miaka 12 au afikie sentimita 135, kinachotangulia. Kule Falme za Kiarabu, ambako wako Watanzania na Wakenya wengi kikazi, sheria ya mwaka 2017 inataka kiti kwa mtoto wa chini ya miaka minne.

Japani ilifanya viti kuwa lazima kwa watoto wa chini ya miaka sita mwaka 2000. Hili la Japani lina utani ndani yake. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda yametokea huko yakiwa yametumika. Huenda gari lile lile lililompakia mtoto wa Yokohama kwenye kiti chake kila asubuhi ndilo leo linalompakia mtoto wa Tabata mapajani. Gari halijabadilika, na mengi bado yana vishikizo vyake. Mzazi akiingiza vidole kwenye mwanya kati ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma, anaweza kukuta pete mbili za chuma. Hizo zinaitwa Isofix, na kazi yake ni kushika kiti cha mtoto.

Wanaosema watu wetu hawawezi kuzoea jambo hili wakumbuke matatu ya Kenya. Mwaka 2004, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, magari ya abiria yalitakiwa kuwa na mikanda kwenye kila kiti na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kelele zilikuwa nyingi mwanzoni na magari mengi yakaegeshwa. Baadaye abiria walizoea kuulizwa mkanda.

Kununua bila kuuziwa pambo

Kiti kipya kina gharama, na wazazi wengi wataangukia cha mtumba. Mtumba si dhambi, ila una maswali yake.

La kwanza, kiti kina lebo? Viti vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina lebo yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba R44 au R129 na uzito au urefu wa mtoto anayefaa. Vya Marekani huwa na maandishi yanayoeleza kuwa kiti kimekidhi viwango vya usalama vya magari vya nchi hiyo. Kisicho na lebo yoyote ni pambo.

La pili, kina umri gani? Plastiki huchoka, hasa inayokaa juani. Viti vingi hupigwa chapa ya tarehe ya kutengenezwa chini au mgongoni, na vingine hutaja mwaka wa kuacha kutumika, mara nyingi kati ya miaka sita na kumi tangu kitengenezwe.

La tatu, kiliwahi kupata ajali? Kiti kilichokuwa kwenye gari lililogonga sana kimemaliza kazi yake, hata kama kwa macho kinang'aa. Swali hili muuzaji wa barabarani hawezi kulijibu. Ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake mzazi anaweza. Kwa hiyo kiti cha kurithi kutoka kwa dada aliyekinunua mwenyewe ni bora kuliko kizuri zaidi kisichojulikana kilikotoka. Familia nyingi hurithishana nguo na vitanda vya watoto. Kiti cha gari kiingie kwenye orodha hiyo maadamu tarehe haijapita.

La nne, mikanda yake yote ipo na kifungio kinabonyezeka na kushika? Kiti kisicho na mkanda wa katikati ya miguu hakifai, kwa kuwa mtoto anaweza kuteleza chini.

Kufunga kwa usahihi

Kiti kizuri kilichofungwa vibaya ni nusu kiti. Baada ya kukifunga kwa mkanda wa gari au kwa Isofix, mzazi akishike pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu kushoto au kulia, bado kimelegea. Akiweka goti lake kwenye kiti na kukandamiza huku akivuta mkanda, kwa kawaida kinakaza.

Mikanda ya mtoto mwenyewe nayo ina kipimo chepesi. Kwa anayeangalia nyuma, inatoka usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa anayeangalia mbele, inatoka usawa wa mabega au juu yake kidogo. Baada ya kufunga, mzazi ajaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukifinyika na kukunjika, umelegea.

Kwa wazazi wa Njombe, Mbulu na Lushoto kuna jambo la ziada. Mtoto asifungwe akiwa ndani ya koti zito au blanketi. Kwenye ajali nguo hizo zinasinyaa, na mkanda ulioonekana umebana unabaki umelegea. Afungwe kwanza akiwa na nguo nyepesi, blanketi lije juu ya mikanda.

Kwenye safari ndefu, kila baada ya saa mbili gari lisimame na mtoto atolewe anyooshe mwili. Barabara ya Moshi haina uhaba wa vituo: Chalinze, Segera, Mombo, Same. Anyonye hapo. Kumtoa mtoto kwenye kiti ili anyonye huku gari linakwenda ni kumrudisha kwenye mapaja yale yale.

Anapolia, na bibi anapomwonea huruma

Mzazi akishapata kiti, vita vya kweli vinaanza ndani ya familia. Mtoto analia. Bibi aliyeketi pembeni anauliza kwa nini mjukuu wake amefungwa kama mbuzi wa mnadani. Mama mdogo wa ndoa, aliyelelewa kuwaheshimu wakwe, anajikuta kati ya kumkosea adabu mama mkwe na kumfungua mtoto.

Hapa baba ana kazi yake. Maneno mazito kwa mama mzazi wa mtu ni rahisi kupokelewa kutoka kwa mwanawe kuliko kutoka kwa mkwe. Ayaseme mapema, siku moja kabla ya safari, kwa adabu, wala asisubiri wakati mtoto analia. Na bibi asiachwe mikono mitupu. Akae nyuma pembeni ya kiti, ampe mjukuu kidole ashike, amwimbie, amfute machozi. Bibi aliyepewa cheo cha mlinzi wa kiti hugeuka kuwa mkali kuliko wazazi wenyewe.

Kilio chenyewe hupungua kwa mazoea. Mtoto anayewekwa kwenye kiti tangu wiki ya kwanza hajui njia nyingine ya kusafiri. Aliyezoea kusimama katikati ya viti kwa miaka miwili atapinga, na mzazi ategemee siku kadhaa za makelele. Kinachoharibu ni kumfungua mara moja kwa huruma, maana hapo amejifunza kwamba kulia kunalipa. Sheria ya nyumba iwe moja na fupi: gari haliondoki mpaka kila mtu amefungwa, baba akiwemo. Samaki mkunje angali mbichi.

Kuna pia udhuru wa safari fupi. Ni hapo dukani tu, ni hapo kanisani, ni hapo msikitini. Mahesabu ya ghorofa ya tatu yaliyotajwa juu yalikuwa ya mwendo wa mtaani. Lori halijui kama familia inakwenda Moshi au inakwenda kununua mkate.

Kwa wasio na gari

Familia nyingi hazina gari, na kuzungumzia viti bila kuzitaja ni kuwaacha watoto wengi nje.

Kwenye teksi, zikiwemo zinazoitwa kwa simu, mzazi mwenye kiti chepesi cha mtoto mchanga anaweza kwenda nacho na kukifunga kwa mkanda wa gari. Asiye nacho aketi nyuma, kamwe asikae mbele. Afunge mkanda wake mwenyewe, mtoto akiwa nje ya mkanda huo, na amtake dereva apunguze mwendo. Hiyo ni kupunguza hatari tu, haiiondoi. Mtoto mkubwa afungwe mkanda wake peke yake. Mtoto wa mgongoni ashushwe kabla ya kuingia, kwa sababu uzito wa mama unamkandamiza kwenye kiti.

Kwenye daladala na basi, mtoto akae ndani, mbali na mlango, na asipelekwe kiti cha mbele pembeni ya dereva hata kama konda anadai ndiko kwenye nafasi. Basi la mkoani likiwa na mikanda, mtoto mwenye kiti chake afungwe. Kumkatia tiketi mtoto wa miaka mitano ili awe na kiti na mkanda ni fedha nyingi, lakini ni fedha iliyonunua kitu.

Bajaji na bodaboda ndizo ngumu zaidi. Mtoto akikalishwa mbele ya dereva wa bodaboda, juu ya tangi, ndiye anayetangulia kugonga. Ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hana cha kujishikilia. Na wale watoto watatu wanaopangwa nyuma kama mishikaki kila asubuhi kuelekea shule wanaitegemea bahati tu. Pale panapowezekana kutembea, au wazazi watatu wa mtaa mmoja kuchangia usafiri mwingine, ni bora.

Kuhusu magari ya shule, nchi haijasahau Mei 6, 2017, Karatu, ambapo basi lililobeba wanafunzi lilitumbukia korongoni na kuua watoto 32, walimu wawili na dereva. Mzazi anayelipia usafiri wa shule ana haki ya kuuliza: gari linabeba watoto wangapi na lina viti vingapi? Kila kiti kina mkanda? Nani anawahesabu wakishuka? Mzazi mmoja akiuliza anaonekana msumbufu. Wakiuliza kumi kwenye kikao cha wazazi, shule inatafuta majibu.

Gari likiwa limesimama

Hatari haziishii barabarani. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kupanda nyuzi joto 10 ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika ya kulipia umeme. Kabla ya kurudi nyuma uani, dereva azunguke gari kwa miguu na ajue kila mtoto alipo. Ile swichi ndogo pembeni ya mlango wa nyuma inayozuia usifunguliwe kwa ndani iwekwe, na vioo vya umeme vifungiwe kwa kitufe cha dereva.

Ajali haina kinga?

Wahenga walisema ajali haina kinga, na kwa maana yao walikuwa sahihi. Baba yule wa safari ya Moshi anaweza kuwa dereva mwangalifu kuliko wote, na bado lori lililokatika breki likamfuata upande wake. Hilo hana uwezo nalo. Lakini kati ya ajali na jeraha kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo linamokaa jambo moja alilo na uwezo nalo kabla hajawasha gari.

Alizifunga kamba za mabegi mara tatu kwa sababu alijua barabara ina mashimo na kona. Dakika tano zaidi zinatosha kwa watoto wawili. Bibi atasubiri.